Breki Zilikataa Mlimani, Gerejini Zikakutwa Nzima

"Mtaalamu, habari za kazi. Mume wangu alifariki akaniachia lori moja, kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu, na ndilo linalosomesha watoto. Mwezi uliopita lilibeba mbolea tani 30 kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Likiwa linashuka Iwambi kuelekea Mbalizi, breki zikakataa. Dereva, ambaye alifanya kazi na marehemu kwa miaka mingi, akalikwaruza kwenye ukingo wa kushoto mpaka likasimama. Yeye ameumia bega, utingo amevunjika mguu, lakini namshukuru Mungu hakuna mwingine aliyeguswa. Dereva anasema upepo uliisha, aliona mshale unashuka. Kesho yake fundi wa huko aliwasha injini, upepo ukajaa, akakanyaga breki, zikashika. Anasema breki hazina kosa. Trafiki anasema dereva alitembea na nyutro kwa sababu gia ilikutwa nyutro, yaani haimo kwenye gia yoyote. Utingo yeye ananiambia magurudumu ya kichwa yalikuwa yanafuka moshi, lakini ya tela ungeweza kuyashika kwa mkono. Nani anasema kweli? Nimfukuze dereva? Wengine wananishauri nifunge ritada, kile kifaa cha kuzuia lori bila kutumia breki za magurudumu, ila bei yake imenishtua. Na fundi akishanyoosha kichwa, ni salama lori lirudi Dar likiwa tupu?"

Pole sana, mama, kwa msiba na kwa hili lililoufuata. Mteremko wa Iwambi unajulikana kwa kila dereva wa njia ya Tunduma. Juni 2025 lori lililokosa breki hapo liligonga magari mengine na watu 28 wakafa. Chini ya mteremko ule kuna mji, kuna daraja, kuna bajaji na wauza ndizi. Dereva wako alichagua ukingo kabla hajafika huko. Nitasema mengine juu yake baadaye, ila hilo uliweke kwanza kwenye mizani.

Umepewa maelezo manne yanayogongana, na kwa jinsi ulivyoandika naona unashuku kwamba watatu kati yao wanakudanganya. Mimi sioni mwongo hapa. Kila mmoja ameona kipande chake akadhani ameona kitu kizima. Na aliyekupa kipande kikubwa kuliko wote ni utingo, ambaye nadhani hakuna aliyemsikiliza.

Nianze na upepo, kwa sababu ndio unaolaumiwa karibu katika kila ajali ya namna hii. Lori kubwa halitumii mafuta ya breki kama gari dogo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza mitungi iliyofungwa kwenye chesisi mpaka mgandamizo ufike kama baa 8, na mguu wa dereva unafungua tu valvu ili upepo huo uende kwenye mabusta, yale makopo ya chuma unayoyaona karibu na magurudumu. Upepo unasukuma fimbo ya busta, fimbo inasukuma mkono tunaouita slaki, slaki inazungusha shafti ambayo mwisho wake una umbo la herufi S, na umbo hilo likizunguka linatanua viatu vya breki mpaka lainingi, yaani bitana za msuguano zilizobandikwa juu yake, zigusane na dramu, pipa la chuma ndani ya gurudumu. Dramu inazunguka na tairi. Msuguano wa lainingi na dramu ndio breki yenyewe. Upepo ni mjumbe tu.

Watu wengi wanaamini mjumbe huyo akipotea, lori linabaki bila breki na kukimbia. Waliotengeneza mfumo huu walishaliwaza hilo. Kwenye ekseli za nyuma za kichwa, na kwenye tela, busta lina chumba cha pili chenye springi nene sana. Springi kazi yake ni kubana breki, na upepo ndio unaoizuia isibane. Ndiyo maana lori lililolala likivuja upepo usiku kucha haliondoki asubuhi mpaka mitungi ijae. Upepo ukishuka kupita kiasi, taa inawaka na alamu inalia kwenye dashibodi. Ukiendelea kushuka, springi zinaanza kubana zenyewe. Kwa hiyo lori lililoishiwa upepo kabisa, kama springi zake ni nzima, hubana na kugoma katikati ya barabara. Ni kero, linafunga njia, lakini halikimbii.

Je, dereva aliona mshale ukishuka? Naamini aliuona. Dereva akiona lori halipungui mwendo, mguu wake hauwezi kutulia. Atapampu. Kila akikanyaga na kuachia, upepo uliokuwa kwenye mabusta unatoka nje, na mitungi inapaswa kujaza tena. Fimbo za busta zinazotembea mbali hula upepo mwingi zaidi kila mara. Kompresa nzima kabisa inaweza kushindwa kufuata mguu wenye hofu. Mshale ulishuka kwa sababu breki zilikuwa zimeshakataa. Yeye aliviona vyote viwili kwa wakati mmoja, akaunganisha kinyume. Wengi wetu tungeunganisha hivyo hivyo.

Tuje kwenye kilichozichosha breki zenyewe, yaani joto. Hapa nivumilie kidogo na hesabu. Mbolea tani 30, ukijumlisha kichwa na tela, lori lako lilikuwa na tani 47 au 48, chini ya tani 50 ambazo sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu kwa ekseli sita za mpangilio huo. Uzito haukuzidi, kwa hiyo hilo tuliache. Chukua mfano wa mteremko wa kilomita 5 wenye mwinamo wa asilimia 6. Lori linashuka mita 300 kwenda chini. Nguvu ambayo tani 48 zinaitoa kwa kushuka mita 300 ni sawa na ya kulisimamisha lori hilo hilo kutoka kilomita 80 kwa saa mara 12 mfululizo. Hata ukitoa sehemu inayomezwa na matairi na hewa, joto linalobaki linatosha kuchemsha maji zaidi ya lita 350 kutoka baridi. Na likishuka kwa kilomita 40 kwa saa, yote hayo yanatokea ndani ya dakika saba na nusu. Ukigawanya nguvu yote ya kushuka, unapata takriban nguvu farasi 420, yaani kile ambacho injini ya lori kubwa inatoa ikikanyagwa mpaka mwisho. Breki zimetengenezwa kusimamisha gari, zipate moto, zipoe. Kubeba kazi ya injini nzima kwa dakika saba mfululizo haziwezi.

Dramu ikipata moto mkali, mambo mawili yanatokea pamoja. La kwanza ni kwamba lainingi inapoteza ukali wake: inatoa moshi, uso wake unakuwa kama kioo, inateleza badala ya kushika. La pili halijulikani sana, na ndilo linalokuhusu. Dramu ni chuma, na chuma kikipata moto kinapanuka. Dramu ya kipenyo cha milimita 420 ikipanda joto kwa nyuzi 300 inapanuka zaidi ya milimita moja. Inaonekana si kitu, lakini inapanuka kwenda nje, ikivikimbia viatu vinavyojaribu kuifikia. Pale mwisho wa fimbo ya busta, milimita hiyo moja inageuka kuwa nyingi, kwa sababu ya urefu wa slaki na umbo la ile S. Busta la kawaida la namba 30 fimbo yake ina milimita 64 tu za kutembea. Kama breki haikukazwa vizuri, na fimbo inatembea milimita 50 dramu ikiwa baridi, basi dramu ikichemka fimbo inafika mwisho wa safari yake kabla viatu havijabana. Dereva anakanyaga, upepo unaenda, kila kitu kinafanya kazi, na lori halisimami.

Sasa utaelewa kwa nini fundi alikuta breki nzima. Aliipima kesho yake. Dramu zilikuwa zimepoa usiku kucha, zimerudi ukubwa wake, lori limesimama uwanjani halina mwendo. Kipimo chake kingetoa jibu hilo hilo hata kama breki zilikuwa na hali mbaya mara mbili ya hapo. Kosa la aina hii linaonekana likiwa la moto, na linajificha likipoa. Alama zake lakini hazifutiki, nitakuonyesha pa kuzitafuta.

Turudi kwa utingo na yale magurudumu ya tela. Kama lori lilishuka Iwambi likiwa limekanyagiwa breki mpaka za kichwa zikafuka moshi, za tela zingepaswa kuwa za moto vilevile. Ekseli tatu za tela zinabeba karibu nusu ya uzito wote na zinatakiwa kufanya karibu nusu ya kazi. Kama kweli mtu angeweza kuzishika kwa mkono, basi zilikuwa hazifanyi chochote, na kichwa peke yake kilikuwa kinazuia tani 48. Kila dramu ya kichwa ilipewa karibu mara mbili ya joto lake. Hapo hata dereva bingwa ana dakika chache.

Tela linaweza kukosa breki bila dereva kujua, na hili ndilo linalonikera zaidi katika kazi hii. Kutoka kichwani kwenda kwenye tela kuna hosi mbili za upepo. Nyekundu inajaza mtungi wa tela na kuziachia zile springi. Njano inapeleka amri ya mguu. Nyekundu ikikatika, tela linajifunga papo hapo. Lakini njano ikiziba, ikipondeka, au ikiwa na koki na mtu akasahau kuifungua baada ya kuunganisha, tela litatembea vizuri kabisa. Hakuna taa, hakuna alamu. Kwenye barabara tambarare utahisi lori zito kidogo kusimama, utadhani ni mzigo.

Sababu nyingine, ambayo ningeweka dau langu hapo kabla ya kuliona lori, ni busta lililofungwa. Mpira wa ndani ya busta la tela unapasuka, tuseme lori liko Makambako usiku. Upepo unavuja, springi inabana, gurudumu halizunguki. Fundi wa barabarani anaingiza bolti ndefu nyuma ya busta, anairudisha springi, anakunja hosi na kuifunga kwa waya, safari inaendelea. Kiwanda chenyewe kiliiweka nafasi ya bolti hiyo kwa ajili ya dharura, kwa hiyo fundi hakufanya uhalifu. Uhalifu unaanza pale lori linapofika Dar, linapakiwa tena, na hosi bado imefungwa waya. Busta jipya ni hela, gurudumu linazunguka, nani atalalamika? Safari tatu baadaye linafungwa la pili. Nimekagua matela ambayo kati ya magurudumu yote breki iliyokuwa hai ni moja, na mmiliki akaapa kwamba tela limetoka sevisi.

Zipo sababu nyingine pia: slaki zilizolegea, sili ya kitovu cha gurudumu inayovujisha grisi kwenye lainingi, lainingi za bei rahisi zisizohimili moto, dramu zilizochongwa kwenye mashine ya kukereza mara nyingi hadi zimekuwa nyembamba na zinachemka haraka. Hizo nazitaja tu. Mkaguzi akifungua magurudumu atazikuta.

Trafiki na nyutro yake. Ni kweli kwamba kutembea na nyutro mlimani kumeua watu wengi. Kule Salgaa nchini Kenya polisi wamelilalamikia hilo kwa miaka. Ukitia nyutro, injini haikusaidii tena kuzuia lori, na mzigo wote unahamia kwenye breki. Lakini gia kukutwa nyutro baada ya ajali hakuthibitishi kwamba ilikuwa nyutro kabla. Dereva akiona breki zimelegea, kitu cha kwanza anachojaribu ni kushusha gia. Anatoa gia aliyokuwa nayo, na kwa kuwa mwendo umeshazidi, gia nzito, yaani ya namba ndogo, haiingii. Ile ya mwanzo nayo hairudi. Anabaki nyutro asiyoitaka, lori likizidi kupata kasi. Kumtofautisha dereva huyu na yule aliyetia nyutro juu ya mlima ili abane mafuta, mshiko wa gia peke yake hautoshi. Kama kuna kifaa cha kufuatilia gari, omba rekodi ya mwendo kuanzia juu kabisa ya mteremko. Mwendo ukiwa mdogo na wa kutulia halafu ukapanda ghafla, breki zilimtoka. Ukiwa umepanda taratibu tangu juu, alianza vibaya.

Na kuhusu kubana mafuta, mama, jiulize swali moja ambalo halitakupendeza: dereva wako analipwa vipi? Kama unampa lita zilizokadiriwa na zinazobaki ni zake, umempa sababu ya kutia nyutro kila mteremko. Ajabu ni kwamba haimsaidii. Injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia, na mguu umetoka kwenye pedali ya mafuta, inakata mafuta yote. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitia nyutro inalazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Mlimani nyutro inakula mafuta zaidi. Mwambie dereva hivyo, na mwambie na wenzake.

Namna sahihi ya kushuka inaanza kabla mteremko haujaanza. Lori linapunguzwa mwendo juu, gia nzito inawekwa juu, egzosi breki, ile inayobana moshi wa injini ili kuzuia lori, inawashwa juu. Wazee walifundishwa kwamba gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Kwa injini za zamani ilifaa. Injini za leo zina nguvu nyingi na zinapanda kwa gia nyepesi, kwa hiyo kushuka kunahitaji gia nzito kuliko ya kupandia. Egzosi breki nayo inafanya kazi vizuri injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye malori mengi ya Ulaya sehemu hiyo imepakwa rangi ya buluu kwenye saa ya mizunguko. Dereva anayeogopa kelele ya injini hapo anajinyima breki bora aliyo nayo. Kisha mguu: kama mwendo salama ni 30, unaacha ufike 30, unakanyaga kwa uthabiti mpaka ushuke 22 hivi, unaachia kabisa. Gia ikiwa sahihi utafanya hivyo mara chache. Ukijikuta unakanyaga kila mara, gia ni nyepesi mno, na wakati wa kulirekebisha hilo umeshapita, isipokuwa bado breki zina uwezo wa kulisimamisha lori kabisa ili uanze upya. Mwendo ndio mkubwa wa yote: ukishuka kwa 20 badala ya 40, joto lile lile linapewa muda mara mbili, na injini inabeba sehemu kubwa zaidi.

Utaulizwa na mtu, mbona hakuvuta hendibreki? Hendibreki ya lori ni zile springi, na springi zinasukuma viatu vile vile kwenye dramu zile zile zilizochemka. Haikuwa na kitu kipya cha kumpa. Wala asingezima injini, maana angepoteza usukani mwepesi na kompresa kwa pamoja. Lori likishatoka mkononi, kinachobaki ni kuwasha taa za hatari, kushika honi, na kutafuta mapema kitu cha kulilaza: ukingo laini, shamba, njia inayopanda. Alifanya hilo la mwisho.

Wenye Canter na malori madogo wasinielewe vibaya. Yale mengi yana breki za mafuta, na ugonjwa wao ni mwingine: mafuta ya breki yanachemka, yanatoa mvuke, pedali inazama mpaka chini. Mafuta mapya ya DOT 3 yanachemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Huko kupampu kunaweza kusaidia kidogo, na kubadilisha mafuta kwa wakati kunasaidia sana.

Haya, sasa ufanye nini. Kwanza, kabla fundi hajagusa breki yoyote, mtu apige picha ya kila gurudumu, kila busta na hosi zote, na sehemu zitakazofunguliwa zitunzwe kwenye gunia lenye alama, usiziache zikauzwa skrepa. Bima watazihitaji, na wewe pia. Dramu zikifunguliwa, tafuta rangi ya buluu na nyufa ndogo ndogo za moto upande wa kichwa. Upande wa tela, dramu yenye kutu ndani ni ushahidi kwamba kiatu hakijaigusa siku nyingi. Tazama nyuma ya kila busta kama kuna bolti imeachwa ndani, na kila hosi kama imekunjwa. Muulize fundi kama alamu ya upepo inalia. Malori mengi waya wake ulikatwa na dereva aliyechoka na kelele.

Kisha pima fimbo za busta. Hii watu wawili wanaifanya bila mashine: lori limewekewa vigingi kwenye tairi, hendibreki imeachiwa, upepo uko baa 6 au 7; mmoja anatia alama ya chaki kwenye fimbo, mwingine anakanyaga, wanapima imetembea kiasi gani. Kwa busta la kawaida la namba 30, ikivuka milimita 51, gurudumu hilo halifai mlimani. Kama slaki ni za kujikaza zenyewe na fundi anakuambia anazikaza kwa spana kila safari, asikusifie bidii hiyo. Slaki inayojikaza ikihitaji mkono kila mara, kuna kitu kimekufa ndani yake au jirani yake.

Jambo moja hapa silitanii: chumba cha springi asikifungue mtu kwa nyundo na tindo. Springi ile iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na imeshaua. Busta la springi likiharibika hubadilishwa zima.

Mwisho wa ukaguzi, lori lote, kichwa na tela vikiwa vimeunganishwa, lipelekwe mahali penye mashine ya kupimia breki kwa roli, inayoonyesha nguvu ya kila gurudumu kwa namba. Macho na mguu wa fundi, hata awe mzoefu vipi, havikupi namba hiyo. Kama tofauti kati ya gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja ni kubwa, lirudi gereji.

Ritada sikushauri kwa sasa. Ni kitu kizuri, inazuia lori bila kuchosha lainingi, na siku utakapobadilisha kichwa tafuta kilichotoka nayo kiwandani. Lakini kuifunga kwenye kichwa cha zamani ni gharama kubwa, inaongeza uzito, na inazuia magurudumu ya kichwa tu. Kwa tela lisilo na breki, ritada itakufichia tatizo mpaka siku ya mvua, barabara ikiteleza, tela likisukuma kichwa kutoka nyuma mpaka likikunje. Pesa hiyo iende kwenye mabusta, lainingi na dramu za tela, zote sita pande zote, siyo moja moja. Hakikisha pia egzosi breki uliyo nayo inafanya kazi. Mara nyingi ipo, imeganda kwa masizi, na hakuna aliyeikumbuka.

Dereva sasa. Kwa ulichonieleza, singemfukuza. Singemrudisha barabarani kesho pia. Keti naye bega likipona, umuulize bila ukali: alianza kushuka kwa gia gani, egzosi breki ilikuwa inashika, alijua kuna busta limefungwa? Hilo la mwisho ndilo zito. Akisema alijua na akakuambia wewe au msimamizi wako, basi lawama inahamia kwenu. Akisema alijua akanyamaza kwa kuogopa kunyimwa safari, mna jambo la kutengeneza nyinyi wawili: awe na ruhusa ya kukataa kuondoka bila kukatwa hela. Kama ni kweli alitia nyutro juu ya mlima, hapo utaamua mwenyewe, na kozi ya madereva wa magari makubwa ipo pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Hata mwenye miaka ishirini ya usukani hujifunza kitu.

Na swali lako la kurudi Dar. Hapana, mama, hata likiwa tupu. Kutoka Mbeya kuja Dar lazima lishuke mteremko wa Kitonga, ambako kona ni kali na malori ni mengi. Lori tupu ni jepesi, ndiyo, lakini dramu za kichwa zimeungua na huenda zina nyufa, na hatujui tela lina breki ngapi. Kama Mbeya kuna fundi wa breki za upepo unayemwamini, matengenezo yafanyike huko huko, fimbo zipimwe, ndipo lije. Kama hakuna, kichwa kipakiwe kwenye loubedi, tela la chini la kubebea magari, na tela livutwe na kichwa kingine baada ya breki zake kufufuliwa. Gharama itauma. Omba bei kwa watu watatu, uwaambie unataka kupeleka kichwa kibovu na tela tupu. Mara nyingi kuna anayerudi Dar bila mzigo, na bei yake huzungumzika.

Picha za mabusta na hosi zikishapigwa, nitumie nizitazame kabla hujalipa hata shilingi ya vipuri.